Mtu mzima nadhalilishwa mbele ya watu kisa nasoma riwaya

Wakuu, nimefura. Makosa ya herufi mtanivumilia, mikono inatetemeka.

Mnamjua, simtaji. Yule wa kikundi chetu cha vitabu anayesoma vitabu vya kuwa tajiri tangu azaliwe na bado anakopa nauli.

Leo kwenye riwaya yangu ya watu wa kale nimefika pale ambapo watu wa Clovis, wawindaji wa Amerika Kaskazini miaka kama 13,000 iliyopita, wamemnasa mamothi jike, yule mnyama wa kale wa jamii ya tembo, kwenye tope. Ndama wake haondoki. Anamsukuma mama kwa mkonga ainuke. Chozi likanitoka, moja tu. Fala yule akasimama na kikombe chake cha chai akatangaza: "Mtu mzima unalilia tembo mwenye manyoya?"

Tembo. Mwenye. Manyoya.

Ukumbi mzima chini kwa kicheko, hadi muuza vitumbua akaacha karai lake akaja kuchungulia. Nikamweleza kistaarabu kwamba wale watu walichonga mawe kwa ustadi, ncha ina mfuo chini ili ikae vizuri kwenye mpini wa mkuki. Akajibu nini? "Tembo mwenye manyoya!" TENA! Na kile kicheko chake cha puani. Na wewe uliyekaa dirishani, nilikuona ukicheka.

Kisiki cha Mpingo: Chozi moja? Mkuu, ulipenga kamasi na kitambaa cha meza.

Tanuri Baridi: 😂😂 Tembo mwenye manyoya. Jina la kundi letu la familia limepatikana.

Bibi Harusi Mstaafu: Halafu watu wa Clovis waliwinda zaidi mamothi wa Columbia, ambaye anadhaniwa hakuwa na manyoya mengi kama yule wa Siberia. Hata tusi lenyewe kakosea.

Mleta uzi: ASANTE! Mwambieni huyo!

Fundi Redio: Pole mkuu, ila riwaya hizo nazo zimezidi. Lazima awepo binti mmoja aliyegundua moto, sindano, dawa ya tumbo na kufuga mbwa mwitu, yote kabla hajaolewa. Ukoo mzima umekaa unamsubiri yeye.

Bibi Harusi Mstaafu: Riwaya yangu, hao watu wa kale wa Amerika walipanda farasi! Farasi wa Amerika waliwindwa, wakaisha kabisa, mpaka Wahispania walipowarudisha kwa meli. Nilikirudisha kitabu siku ile ile.

Fundi Redio: Afadhali wewe unarudisha. Kuna mtu yumo humu kaazima changu tangu kabla ya korona.

Kisiki cha Mpingo: Kama ni mimi nitaje.

Tanuri Baridi: Kila siku Amerika, Amerika. Hapa kwetu Tanzania nyayo za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili pale Laetoli zina miaka milioni 3.6, mashoka ya mawe yamejaa Isimila kule Iringa, riwaya yake iko wapi?

Mgeni Njiani: PDF jamani.

Bibi Harusi Mstaafu: Nyie wa PDF ndio mnaowaua waandishi kwa njaa.

Mgeni Njiani: Ninunue wapi, bi mkubwa? Duka la vitabu mtaani kwetu sasa linauza kava za simu.

Mleta uzi: Tunaomba turudi kwenye mada. Mimi NIMETUKANWA.

Kisiki cha Mpingo: Fundi, kitabu chako kililiwa na panya, nilikwambia.

Fundi Redio: Panya gani anakula jalada gumu?

Kisiki cha Mpingo: Njoo Mbagala umwone.