Watu wa kruzi mnatuambia "zima simu upumzike" halafu kila kitu kwa meli kinataka simu!! Huu ni wizi jameni

Wadau uzi ni mrefu na nimekasirika, mwenye hana muda apite. Mwezi wa nane 2025 tulienda kruzi na chama yetu ya wamama, Mediterania, tukapandia Barcelona tukapitia Marseille, Genoa, Naples huko chini, na kabla mtu aanze zile za "ati umepanda meli unalilia bando", hiyo pesa ilitoka kwa chama kidogo kidogo na visa ya Schengen tuliipata baada ya kuombwa makaratasi mpaka ya babu, so nitalalamika vile nataka.

Shida yangu iko hivi. Ile karatasi ajenti alitupea hapa tauni (simtaji, anajijua) ilikuwa na picha ya mama ameketi kwa deki na kitabu, miguu juu, imeandikwa mambo ya kuzima simu, kuacha dunia nyuma na kuwa karibu na mnaowapenda. Sawa! Mimi niko na duka Kamukunji, simu yangu inaanza kulia saa kumi na moja asubuhi, hakuna mtu anataka kuacha dunia nyuma kama mimi. Lakini pia niko na mama Machakos wa presha na sukari, so nikauliza ajenti, na nikitaka kuwapigia wa nyumbani? Akasema waifai iko, usijali. Haya.

Kuingia tu, hakuna menu ya karatasi, unaskani kile kimraba kwa meza. Kubuku shoo ya usiku, apu. Kujua saa ngapi kuna nini, apu. Mazoezi ya usalama, unaangalia video kwa apu ama TV ya kabini halafu unaenda kujionyesha kwa kituo chako, na hiyo hata sina neno nayo, baada ya ile ajali ya meli ya Costa Concordia ya 2012 watu 32 wakafa mtu asilete mchezo na hayo mambo. Lakini menu?? Menu ya supu??

Sasa mweka hazina wetu ni mama wa miaka sabini na kitu, anatumia kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo isiyo na apu, na ndiye peke yake kati yetu alikuja akitaka kabisa kupumzika na simu. Wacha niwaambie vile alipumzika. Usiku wa kwanza ameketi kwa meza, mhudumu anamwonyesha ule mraba, yeye anatoa kabambe yake anaiweka mezani pole pole anamwangalia kijana wa watu. Kijana anatabasamu, "just ask your friend, madam." Ikawa ni mimi namsomea menu yote kila jioni kama mtoto wa nasari, na ya kuku iko wapi, na hiyo ni nini, rudia. Shoo ya sarakasi alikuwa anaitaka sana, kufika mlangoni anaambiwa imejaa kwa apu. Tukaenda dawati la wageni kuomba ratiba ya karatasi, wakaprinti moja, ya siku hiyo, yenye nusu ya mambo ilikuwa imeshapita. Kesho tukarudi tena kwa laini. Huyo ndiye mtu alizima simu kama vile tangazo lilisema na ndiye alipata likizo mbaya kuliko sisi wote.

Kuna mtu atakuja hapa aseme apu inafanya kazi bila kununua intaneti. Ndio, inatumia mtandao wa ndani ya meli, najua. Lakini kila ukiifungua kuangalia chakula inakurushia "nunua paketi", na ukishashika simu si umeshashika simu.

Twende kwa hiyo paketi sasa. Dola 20 na kitu kwa siku, kwa kifaa kimoja. Dola ilikuwa kama shilingi 129, hesabu mwenyewe, siku moja baharini inakaribia pesa ya faiba ya nyumba mwezi mzima hapa Nairobi. Na hiyo ukinunua ndani, kumbe ukinunua kabla ya kusafiri ni bei ya chini, kitu ajenti hakusema hata kidogo. Halafu kuna ya bei ya chini ya kutuma meseji tu na kuna ya kuangalia video, na yule kijana wa dawati anakuelezea tofauti akiwa anaangalia mtu mwenye yuko nyuma yako.

Nikachukua ile ya meseji, WhatsApp inanitosha. Siku ya pili suplaya wangu anataka nimlipe, naingia kwa apu ya benki, inataka OTP, ile namba ya siri ya mara moja. OTP inakuja kwa SMS. SMS inakuja kwa laini. Laini haina netiwaki, tuko katikati ya maji! Na M-Pesa usiniambie, *334# ni ya laini pia, haipiti kwa waifai hata ulie. So nimelipia "kuunganishwa" na siwezi kulipa mtu elfu kumi. Ikabidi nimtumie dogo wa dukani meseji kwa WhatsApp anikopee kwa jirani.

Na hapa wadau skizeni vizuri kwa sababu hii itawaokoa pesa. Meli iko na netiwaki yake ya simu. Ikiwa bandarini huwa imezimwa, mkishaenda mbali na nchi kavu inawashwa, inaenda kwa setilaiti, na simu yako kama umeacha romingi (ile ya kutumia netiwaki ya wengine ukiwa mbali) on inaingia huko yenyewe bila kukuuliza. Hiyo si romingi ya Italia wala ya Spain, zile paketi za romingi mnanunua hapa nyumbani kwa kawaida hazigusi mambo ya meli, hata wazungu wenyewe wa EU wenye wanaongea nchi zao zote kwa bei ya kwao, sheria yao haiwalindi kwa netiwaki ya setilaiti ya meli. Mmoja wetu alilala na data on. Bili aliyokuja kuona sitaitaja kwa sababu bado hajaambia mzee wake. Kamba ikitolewa tu bandarini, weka flaiti modi, halafu washa waifai peke yake. Hiyo hakuna mtu alituambia, si ajenti, si meli.

Halafu wakiulizwa wanasema "intaneti baharini ni ghali, ni setilaiti". Kitambo ningekubali. Setilaiti za zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu, ukisema hello sauti inapanda inashuka, robo sekunde imeenda. Lakini kutoka 2022 kampuni kubwa za kruzi zimekuwa zikifunga Starlink, intaneti ya setilaiti za chini, zile ziko kilomita kama 550 tu, hata hapa Kenya tuko nazo tangu 2023, watu wanaziweka kwa mabati huko mashinani. Na hii meli yetu ilikuwa inajisifu ati intaneti yake ni ya kasi kama ya nyumbani! Kasi ya nyumbani sawa, mbona bei si ya nyumbani?

Burudani yenyewe nitaipitia haraka. TV ya kabini ni chaneli moja ya kukuuzia ziara za bandarini ikirudia rudia, na sinema za kulipia. Bingo ni ya kulipia. Kuna mnada wa picha za ukutani, ndio, mnada, watu wanapewa shampeni wanunue picha. Wapiga picha wanakunasa ukiwa na mdomo umejaa halafu wanakuuzia. Bendi ya Wafilipino ya kwa baa ndio ilituokoa, hao walijua hadi Malaika, pongezi zao.

Kati ya wahudumu tulipata kijana wa Likoni. Aliposkia Kiswahili alisimama na treya mkononi, "shikamoo mama, nyinyi mwatoka wapi?" karibu nilie. Huyo ndiye alitufundisha, "mama, msinunue hapa kwa meli, mkishuka Naples nunueni laini ya huko, sisi twafanya hivyo." Na kweli, ukishuka bandarini unaona wafanyakazi wa meli wamejipanga kwa vibaraza vya mikahawa, kila mtu na simu, mmoja anaimbia mtoto, mwingine anagombana na bibi kwa video. Mimi nalia niko likizo, hao wanakaa miezi. Siku hizi kuna sheria, marekebisho ya 2022 ya ule mkataba wa kazi za mabaharia, yameanza kufanya kazi Desemba 2024, mwenye meli anafaa kuwapa mabaharia mawasiliano na kama kuna malipo yawe ya kiasi. Kijana alisema wanauziwa kwa bei yao, lakini vibaraza bado vimejaa.

Nimalizie na ya Harambee Stars kwa sababu hii ndio bado inanichoma. Robo fainali ya CHAN, ile ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kasarani, sisi na Madagascar. Skrini kubwa kuliko nyumba iko pale kwa bwawa, inaonyesha tamasha la mwanamuziki mwenye hakuna mtu anaangalia. Nikaomba wabadilishe. Ratiba, madam. Tukachangishana tukanunua ile paketi ya video kwa simu ya mwenyekiti, wamama wote tumeinamia kioo kimoja, 1-1, ekstra taimu, penalti. Mtu wetu anaweka mpira chini, anarudi nyuma, anakimbia... picha ikasimama. Kaduara kanazunguka. Tukajulia kwa WhatsApp ya meseji, voisi noti ya shemeji yangu, kelele tu, halafu "wamekula sisi bana". Kumbe ile ya bei ya chini ndio ilifika kwanza!

Nimeandikia ajenti, anasema niandikie kampuni. Kampuni imenijibu na fomu, ati masharti niliyakubali nikibonyeza. Nataka pesa ya ile paketi ya video irudi, na mweka hazina wetu aombwe msamaha kwa maandishi, kwa karatasi, si kwa apu. Mwenye amewahi kurudishiwa pesa na hawa watu wa kruzi aseme alipitia wapi, benki ama mahakama ya madai madogo, na kama ajenti wa hapa anashtakika kwa kusema "waifai iko" na kunyamaza. Skrinshoti niko nazo zote.