Tupeane uzoefu: lugha unazozijua zinakiri vipi?

Habari zenu wadau. Mnaotumia lugha zaidi ya moja, naomba tupeane uzoefu wa maneno ya kukiri: pale mtu anaposema "kweli, nilifanya" au "haya, hapo umenishinda". Sisi tuna kukiri, kukubali, kuungama, hata kusalimu amri, na kila moja lina mahali pake.

Naanza mimi. Kilichonivuta ni Kiebrania: kitenzi *lehodot* ni kukiri, na hichohicho ni kushukuru. Kisha Kifaransa, *reconnaître* ni kukiri au kutambua, na *reconnaissant* ni mwenye shukrani. Naona ni sawa kabisa: anayeshukuru anakiri kwamba hakufika alipo peke yake.

Jibu
Mkuu, Kirusi nacho kimo. *Priznatsya* ni kukiri, *priznatelny* ni mwenye shukrani, na ndani yake kuna *znat*, kujua. Waarabu wana *i'tiraf*, kukiri, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi "maarifa". *I'tiraf bil-jamil*, yaani kukiri wema, ndiyo shukrani yenyewe.

Jibu
Mimi ni mkalimani wa mahakamani, Kiswahili na Kijerumani, na kwangu maneno haya yanaweza kumfunga mtu. Mshtakiwa mmoja aliulizwa kama usiku ule alikuwa ndani ya nyumba. Akajibu: "Nakubali, nilikuwemo." Kijerumani kina *gestehen*, ambalo likisikika mahakamani watu wanasikia kosa limekiriwa. Kina pia *einräumen*, lenye *Raum* ndani yake, nafasi: unaipisha hoja moja ipite, mengine unabaki nayo. Nikatumia hilo. Mwendesha mashtaka akadai mtu ameshakiri. Nikaomba ruhusa kwa jaji, nikaeleza kwamba "nakubali" hapo ni "ni kweli nilikuwemo", basi. Jaji akaamuru swali lirudiwe kwa upya, polepole. Tangu hapo nikisikia "nakubali" naomba kwanza kuuliza: unakubali nini?

Jibu
Mkalimani, hongera, hiyo kazi ni nzito. Nyongeza ndogo: *avouer*, kukiri kwa Kifaransa, na *avocat*, wakili, yote yametoka kwa *advocare* ya Kilatini, kumwita mtu aje.

Jibu
Mmesahau mapenzi! Kirusi ukimwambia mtu unampenda, hiyo inaitwa *priznanie v lyubvi*, kukiri mapenzi. Neno lilelile la mtuhumiwa mbele ya mpelelezi. Mimi niliambiwa hivyo na mume wangu, na nililielewa vizuri sana.