Laini ya nyumbani imefungwa, benki inatuma namba ya uthibitisho huko huko

Mwuliza swali:
Wakuu, naombeni msaada. Nina miezi saba ugenini kikazi. Mshahara unaingia akaunti ya huku, ila akiba yangu na mkopo ninaolipa viko benki ya nyumbani. Juzi nataka kulipa rejesho, programu ikaniambia niingize namba iliyotumwa kwa meseji. Nimeishika simu dakika tano, kimya. Kumbe laini ya zamani imefungwa kwa kukaa bila kutumika. Nilipojaribu mara ya tatu akaunti nayo ikafungwa. Rejesho ni tarehe 28. Halafu pesa niliyotuma mwezi uliopita ilifika pungufu, na kila benki inasema siyo yenyewe iliyokata.

Jibu la 1:
Pole sana dada, yalinikuta. Anza na laini, leo hii. Kampuni ya simu ikishampa mtu mwingine hiyo namba, meseji za benki yako zitamwendea yeye. Kisha omba benki ikuhamishie uthibitisho uwe ndani ya programu yenyewe. Mimi walinirudishia fomu mara mbili kwa sababu saini yangu ya sasa haifanani na ile niliyofungulia akaunti. Kaichungulie ya kwenye pasipoti ya zamani kabla hujasaini.

Rejesho lisikunyime usingizi. Namba ya uthibitisho inatakiwa wakati wa kutoa pesa, kuingiza haihitajiki. Tuma kutoka akaunti ya huko moja kwa moja, ila tuma mapema, maana pesa ya kimataifa huweza kuchukua siku kadhaa.

Jibu la 2:
Kuhusu kukatwa: pesa mara nyingi hupitia benki ya katikati, nayo huchukua chake. Kwenye fomu ya kutuma pesa tafuta sehemu ya ada. SHA mnagawana, BEN anakatwa mpokeaji, OUR unabeba wewe mtumaji. Kwa rejesho chagua OUR. Na usiangalie ada peke yake, linganisha pia kiwango cha kubadilishia fedha. Hapo ndipo wengi tunaumia bila kujua.

Mwuliza swali:
Asanteni mno. Laini ilikuwa haijagawiwa, kaka yangu anaifuatilia kwa barua niliyomwandikia. Pesa nimetuma kwa OUR tarehe 21, imeingia 24, kamili. Akaunti bado imefungwa. Wanataka nakala ya pasipoti iliyogongwa muhuri ubalozini. Nina miadi Jumatatu.