Tangi la molasi: "unene wa chini kabisa 6 mm" maana yake nini hasa?

Kijana wa Karakana
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, keshokutwa bosi anaagiza pleti.

Karakana yetu iko Morogoro, tumezoea matangi madogo ya maji na dizeli. Sasa tumepata tangi la molasi la kiwanda cha sukari: kipenyo mita 18, kimo mita 12, pete sita za pleti, kila moja kimo mita 2, chuma A36. Karatasi ya mteja inasema hivi (API 650 ni kiwango cha Kimarekani cha matangi ya chuma, G ni uzito wa molasi ukilinganishwa na maji):

"API 650. G = 1.4. Akiba ya kutu 2 mm. Unene wa chini kabisa 6 mm. Jaribio: kujaza maji hadi juu."

Bosi anasema mteja mwenyewe kaandika 6, basi ukuta mzima 6 mm, tani 32 za pleti, na ndiyo bei tuliyoweka kwenye zabuni. Mimi nina mwaka mmoja tu kazini. Moyo unakataa ila hoja sina. Halafu ukurasa wa nyuma wametaja BS 2654, kiwango cha Waingereza. Tufuate ipi?

Mzee wa Pleti
Moyo wako uko sawa kijana. Hiyo 6 ni mpaka wa chini, haijakwambia ununue 6. API 650 ina jedwali: tangi la kipenyo cha mita 15 hadi chini ya 36, ukuta usipungue 6 mm hata hesabu ikikupa 3, maana pleti nyembamba inasumbua sana wakati wa kusimamisha. Zaidi ya hapo, hesabu ndiyo inaamua:

t = 4.9 × D × (H − 0.3) × G ÷ S, kisha jumlisha akiba ya kutu. Hapo t ni unene kwa mm, D kipenyo na H kimo cha molasi kwa mita.

S ni mkazo unaoruhusiwa kwenye chuma, na ya A36 ni 160 MPa. Pete ya chini: 4.9 × 18 × 11.7 × 1.4 ÷ 160 = 9.03. Ongeza 2, unapata 11.03. Nunua 12.

Kijana wa Karakana
Duh! Mara mbili ya tulichopigia bei. Na pete za juu?

Mzee wa Pleti
H unaipima kutoka ukingo wa chini wa pete husika hadi usawa wa juu wa molasi. Kama kuna bomba la kufurikia, H inaishia hapo, uliza. Nikichukulia tangi limejaa kabisa, ya pili inatoka 9.5, ya tatu 7.9, ya nne 6.4, ya tano 4.9. Kwa hiyo kuanzia chini: 12, 10, 8, 8, 6, 6. Ukuta tani 44 na ushee. Hapo kwenye 6 mbili za juu ndipo ile 6 ya mteja inapofanya kazi.

Kamanda wa Welding
Mnamtisha mtoto wa watu. Sisi tangi la mm 6 la ukubwa huohuo tulijaza maji pomoni, halikudondosha hata tone. Jaribio likipita si limepita?

Binti Mhandisi
Kamanda, ulijaza maji, na tangi lako ni la maji. Huyu anaweka molasi. Chukua pleti hiyohiyo ya 6 upige hesabu kinyumenyume. Kwa maji mkazo wa pete ya chini ni 172 MPa, na mkazo unaoruhusiwa wakati wa jaribio ni 171. Yaani litasimama, mtapiga picha, mtakula pilau. Wiki inayofuata inaingia molasi, mkazo unapanda hadi 241 MPa, wakati A36 inaanza kulegea kwenye 250. Kutu ikila robo milimita tu, umevuka. Na hapo sijagusa mshono mbovu hata mmoja.

Jaribio la maji halijui habari za G ya 1.4. Boston, tarehe 15 Januari 1919, tangi la molasi la kimo cha mita 15 hivi lilipasuka likaua watu 21. Lile hata maji hawakulijaza, waliweka ya inchi chache tu.

Na msingi je? Molasi ya mita 12 inakandamiza kama 165 kPa, maji 118. Aliyechora zege alipewa namba ipi?

Kijana wa Karakana
Msingi sijui kabisa, nitauliza. Swali la mwisho: zile 2 mm za kutu si zimo ndani ya 6?

Binti Mhandisi
Kwenye ukuta, 6 ya jedwali ni pleti kama ilivyojengwa, kutu imo. Kwenye sakafu ya tangi ni 6 bila kutu, kwa hiyo utaweka 8. Wengi wanachanganya hapo.

Mzee wa Pleti
BS 2654 ilishaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na EN 14015 ya Ulaya. Mtu kanakili zabuni ya zamani bila kusoma. Usijichagulie mwenyewe, mwandikie mshauri wa mteja, akujibu kwa maandishi. Simu haihesabiki.

Kijana wa Karakana
Mrejesho wakuu. Mshauri kajibu: API 650 pekee, G 1.4 ibaki, 6 ni mpaka wa chini tu. Msingi ulichorwa kwa uzito wa maji, wameurudisha kwa aliyeuchora. Bosi kasitisha oda, sasa ananiuliza mimi zile tani 12 za ziada nani atazilipa.

Kamanda wa Welding
Zabuni nani alisaini?