Triathloni mbili mfululizo, Jumamosi jua kali Jumapili mvua na baridi, nijipange vipi?

Mwana wa Pedali
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri hasa kwa waliowahi kushindana siku mbili mfululizo. Nshajiandikisha mashindano mawili wikiendi moja, Jumamosi sprinti (kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio 5) na Jumapili masafa ya Olimpiki, yaani 1500, 40 na 10. Ziwa ni lile lile na njia karibu ile ile. Mazoezi yapo, kuendesha ndefu leo na kukimbia ndefu kesho nshazoea, kwahiyo sikuwa na wasiwasi mpaka nilipoangalia utabiri. Jumamosi nyuzi 33, jua tupu. Usiku inaingia mvua na upepo, Jumapili asubuhi nyuzi 12 na mvua bado inaendelea.

Sasa hapo ndo nachanganyikiwa. Jumamosi nikaze au nijibane? Wetisuti (suti ya mpira ya kuogelea kwenye baridi) nibebe au nisihangaike? Na kula je, maana kati ya kumaliza hii na kuanza ile ni kama masaa 20 tu. Mimi sio mtu wa kutisha ila kwenye rika langu huwa nagombea nafasi za juu hasa sprinti. Asitokee mtu wa kuniambia nipumzike nyumbani, hela nshalipa.

Kigogo Mkavu
Pumzika nyumbani 😂😂
Natania mkuu. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

Maji Marefu
Nianze na maji maana hapo wengi wanajichanganya. Hewa kushuka nyuzi 20 usiku mmoja haina maana kwamba na maji yameshuka hivyo. Maji yanachelewa sana kupoa. Kama Jumamosi ziwa lina 24, Jumapili utakuta 23 hivi, na kwa kanuni za World Triathlon, chama cha dunia cha mchezo huu, kwa sisi tunaoshindana kwa marika, kuogelea kusikozidi mita 1500 wetisuti ni marufuku maji yakivuka nyuzi 22. Maji yakishuka chini ya 15.9 ndo wetisuti inakuwa lazima. Kwahiyo usijipe moyo kwamba ukiamka ukaona baridi basi utavaa. Wanapima saa moja kabla ya kuanza, ibebe ikae kwenye begi mpaka watangaze, na uwe umeshajiandaa kichwani kuogelea bila hiyo.

Halafu majini hutasikia baridi kabisa, utatamani ubaki humo humo. Kazi inaanza ukitoka. Umelowa chapachapa, una trisuti nyepesi (ile nguo moja ya kushindania hatua zote tatu), unakata upepo kilomita 35 kwa saa kwenye nyuzi 12 huku unanyeshewa.

Mpanda Vilima
Nakubaliana na Maji Marefu ila hapo kwenye ziwa niongeze kitu, inategemea kina. Ziwa refu kwenda chini, upepo ukivuma usiku kucha upande mmoja unasukuma maji ya moto ya juu yanakwenda zake ng'ambo, na maji ya baridi ya chini yanapanda kwenye ufukwe ule upepo unakotokea. Hapo joto la maji linaweza kuporomoka nyuzi kadhaa ndani ya usiku mmoja. Kwahiyo angalia upepo unatoka wapi na mnaanzia ufukwe gani. Kama ziwa ni la kina kifupi sahau nilichosema.

Dada Kilomita
Mkuu swali la kukaza au kujibana nadhani umeliweka vibaya. Sprinti yenyewe haimalizi miguu, ni saa moja na kitu. Kinachomaliza ni joto. Kwenye nyuzi 33 damu inagawanywa, nyingine iende kwenye misuli nyingine iende kwenye ngozi ikapoe, kwahiyo mapigo yanapanda hata kama spidi ni ile ile, na mwili unachoma glaikojeni, ile akiba ya wanga kwenye misuli, haraka kuliko siku ya ubaridi. Unamaliza sprinti lakini mwili umelipa bei ya kitu kikubwa zaidi.

Sasa kitu ambacho watu hawakiunganishi, aliyekauka na kuishiwa wanga Jumamosi ndo huyo huyo anayeganda Jumapili. Kutetemeka ni kazi ya misuli, inataka sukari kama kazi nyingine yoyote. Ukianza Jumapili tangi liko nusu, mwili hauna cha kuchoma ili ujipashe moto, utaganda kabla ya huyo jirani yako mwenye umbo kama lako ambaye jana alilala tu. Kwahiyo mimi Jumamosi jioni naiona ndo shindano la tatu kabisa.

Ninachofanya: najipima uzito kabla na baada, nikiwa sina nguo za kulowa. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, nairudisha mara moja na nusu, taratibu mpaka usiku, na iwe na chumvi au elektrolaiti (madini yanayotoka na jasho). Usibugie maji matupu lita na lita, sodiamu ikishuka kwenye damu ni hatari kweli, watu wamekufa kwa hilo. Wanga anza mara tu ukimaliza, gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako kila saa kwa masaa manne ya mwanzo, na protini gramu 20 au 30. Mafuta mengi na nyuzinyuzi weka pembeni siku hiyo. Na usimeze ibuprofeni eti uamke mwepesi, mwili ukiwa umekauka figo hazipendi.

Mwana wa Pedali
Dada shukrani sana, hapo kwenye kutetemeka umenifungua macho. Ila bado hujanijibu, Jumamosi nikaze wapi? Maana kuna jamaa wa rika langu lazima nimuone mgongo wake.

Dada Kilomita
Haha sawa. Kuogelea kaza tu, haina gharama kubwa ya kesho. Baiskeli karibu na kawaida yako, upepo unakupoza na miguu haipigwi. Mbio ndo achia, hata sekunde 15 kwa kilomita. Hapo hamna upepo wa kukupoza na ile mishindo ya kugonga lami ndo inayoleta maumivu ya kesho yake. Kofia nyeupe, maji ya kichwani kila kituo, barafu ingiza kifuani ndani ya trisuti. Na losheni ya jua usiache, ngozi iliyoungua inashindwa kupoza mwili vizuri.

Mshika Breki
Mnaomwambia akaze mkumbusheni triathloni ya Cozumel, Meksiko, 2016. Jonny Brownlee anaongoza, imebaki chini ya kilomita, joto likamkamata akaanza kuyumba barabarani hadi kaka yake Alistair akamshika mkono wakakokotana mpaka kwenye mstari, Henri Schoeman akawapita akashinda. Na yule ni bingwa aliyejaa medali. Ukianza kusikia baridi kwenye jua au ngozi inasisimka, hilo sio la kuvumilia, simama.

Alafu kama unataka kuona siku mbili za hali tofauti njia moja, tafuta video za Olimpiki ya Tokyo, zile za 2021. Wanaume tarehe 26 Julai walianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukwepa joto, bado mshindi Blummenfelt alipovuka mstari akaanguka chini akatapika. Kesho yake wanawake wakaamkia mvua na upepo, kuanza kukacheleweshwa dakika 15, lami inateleza watu wanaanguka. Na shindano likabadilika kabisa. Wanaume walifika kwenye mbio kundi kubwa, wanawake kundi lilikatika mapema kwenye baiskeli, kikundi kidogo cha mbele kikaenda zake na Flora Duffy akachukua dhahabu. Kwahiyo Jumapili yako usiipange kwa kuangalia Jumamosi ilikwendaje. Kwenye mvua anayejua kukata kona anapata dakika za bure.

Mpanda Vilima
Kuhusu tairi kwa kuwa hakuna aliyegusa. Ukijaza Jumamosi kwenye joto na ukaiacha, Jumapili asubuhi utakuta presha imeshuka, kwa tofauti ya nyuzi 20 tairi ya psi 90 (kipimo cha presha) inapoteza kama 6 au 7 bila tundu lolote. Watu wanashtuka wanaanza kutafuta pancha. Mvua inataka presha ya chini kidogo anyway, kwahiyo ipime ila usiirudishe juu kama ya Jumamosi. Na Jumamosi baiskeli isikae juani masaa mawili na tairi imejaa mpaka mwisho. Kona unyooke, mistari ya rangi na mifuniko ya chuma usiikanyage ukiwa umeinamisha baiskeli.

Maji Marefu
Mikono. Nimesahau mikono. Hicho ndo kitu kinachoaibisha watu siku ya baridi. Unarudi na baiskeli vidole havina hisia, unakibonyeza kibano cha helmeti hakifunguki, unakibonyeza tena, umesimama hapo kama mtoto anayefunguliwa vifungo vya sare huku wenzako wanapita. Na ukikifungua kabla baiskeli haijakaa kwenye reli yake unakula penati. Vaa glavu ukitoka majini, na ujue glavu hazipandi kwenye mikono iliyolowa, weka taulo dogo ndani ya mfuko wa plastiki ujifute kwanza. Jaketi jembamba la upepo sekunde 20 za kuvaa utazirudisha zote. Pakiti za jeli za nguvu zichane nusu kabisa nyumbani, uzibandike kwenye fremu, maana mdomo nao ukiganda hauchani kitu. Na kunywa. Baridi inakudanganya huna kiu.

Kigogo Mkavu
Trisuti je, ana moja? Maana ya Jumamosi haikauki usiku huo wa mvua.

Dada Kilomita
Kama ni moja aifue, aiviringishe ndani ya taulo kavu aikanyage kanyage, kisha aitundike, asubuhi itakuwa kavu au karibu. Viatu ndo vigumu, ajaze magazeti ayabadilishe kabla ya kulala. Na paka vaselini mara mbili Jumapili, palipochubuka jana ndo pataungua leo.

Mwana wa Pedali
Wakuu mmenisaidia sana. Trisuti ninazo mbili, viatu pea moja. Nimeamua Jumamosi naogelea na kuendesha kwa nguvu, mbio namwachia jamaa, akienda aende. Jumapili glavu na jaketi. Nikifika kwenye mbio za Jumapili nikiwa bado natetemeka najitoa, nshamwambia na mke wangu. Swali la mwisho, breki zangu ni za rimu (pedi zinabana ukingo wa gurudumu) na rimu ni za kaboni, kuna shida?

Mshika Breki
Ipo kubwa. Kaboni iliyolowa na pedi za rimu, ukishika breki, mzunguko wa kwanza wa gurudumu hakuna kinachotokea, halafu inakamata ghafla. Kama una rimu za alumini funga hizo Jumamosi jioni na ukumbuke kubadilisha na pedi, rimu za kaboni zina pedi zake na za alumini zake, usichanganye. Kama huna, kila ukikaribia kona gusa breki mapema kidogo kufuta maji kwanza, ndo ushike kweli. Na mteremko wa kwanza shuka kama mgeni.