Mjadala: Kinasa logi cha majaribio kitii mipangilio ya jumla au kijitenge?

Mleta mada:
Wakuu, hili limenila siku mbili. Nina jaribio linalohakiki kwamba malipo yakikataliwa, programu inaandika onyo kwenye logi (kumbukumbu ya matukio yake). Nikiliendesha peke yake linapita. Nikiendesha majaribio yote pamoja linaanguka: caplog.records, orodha ya ujumbe ulionaswa na caplog (kinasa logi cha pytest, zana ya majaribio ya Python), tupu, na msimbo haujaguswa hata herufi.

Chanzo nilikikuta kwenye jaribio jingine kabisa, la kuhamisha muundo wa hifadhidata. Faili la env.py ambalo Alembic, zana ya uhamishaji huo, hukutengenezea huita fileConfig (kazi inayosoma mipangilio ya logi kutoka kwenye faili), na fileConfig ya Python, usipoikataza, huzima loga (vitu ambavyo programu huandikia logi) zilizokwisha kuundwa ambazo faili la mipangilio halikuzitaja, kwa sababu disable_existing_loggers ni True tangu mwanzo. Loga yangu ya malipo ikazimwa hapo, ikabaki imezimwa kwa kila jaribio lililofuata.

Msimamo wangu: kinasa logi kijitenge. Kabla ya kila jaribio kitunze hali ya loga (kiwango; propagate, yaani kupandisha ujumbe kwa loga ya juu; disabled, yaani kuzimwa; na handla, zinazopokea ujumbe), kisha kiirudishe. Caplog hurudisha kiwango ulichoweka kwa set_level, sawa, lakini handla yake inakaa kwenye loga ya mzizi, iliyo juu ya zote. Mtu akiweka propagate = False njiani, ujumbe haufiki.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole mkuu, ila napinga. Jaribio lako limekuambia ukweli. Kama uhamishaji huo unaendeshwa ndani ya mchakato uleule wakati seva inawaka, loga ya malipo itazimwa na huko pia. Sisi yalitupata: logi za sehemu nzima zilinyamaza, majaribio yote kijani, na tulikuja kugundua siku mteja alipolalamika, tukafungua faili tusikute hata mstari mmoja wa muamala wake. Kinasa chetu kilikuwa kimejitenga vizuri mno.

Mchangiaji wa pili:
Naomba niongeze kitu, kwa sababu "kujitenga" kwenyewe kuna viwango. assertLogs, kinasa logi cha unittest (maktaba ya majaribio ya Python yenyewe) kilichokuja na Python 3.4, hubadilisha handla, huweka kiwango, huzima propagate, na mwisho hurudisha kila kitu. Lakini disabled haiigusi, wala logging.disable(), inayozuia logi za programu nzima hadi kiwango fulani. pytest nao tangu 7.4 wamefanya set_level iondoe kwa muda zuio la logging.disable(). Kila zana imechora mpaka wake, na mtu anayehama kutoka moja kwenda nyingine haambiwi.

Mleta mada:
Mchangiaji wa kwanza, yaliyowapata nayachukulia kwa uzito. Lakini jaribio la malipo liulize habari za malipo. Likianguka kwa sababu ya mfuatano wa majaribio, kesho mtu atabadilisha mfuatano huo, litapita, na tatizo lenu litabaki palepale. Andikeni jaribio moja linalowasha programu nzima katika mchakato wake, kama seva inavyowaka, kisha likague kwamba hakuna loga yetu yenye disabled = True. Hapo kosa litatajwa kwa jina lake.

Mchangiaji wa kwanza:
Jaribio hilo likiwepo, na likaendeshwa kila msimbo unapoingia, nakubali mjitenge. Likikosekana, msiguse hali ya jumla. Sisi tuliliandika baada ya kuumia, na timu nyingi nilizopitia hazinalo hadi leo.