Muuzaji wa injini anayeuliza urefu wa mashua peke yake anatuumiza

Ndugu mnaojenga mashua za mbao kwa mikono yenu, nimeandika haya nikiwa na hasira. Kwa miaka miwili nimechonga mkuku, nimefunga mataruma na kukalafati kila mwanya; ulipofika wakati wa kununua injini ya ndani, muuzaji aliniuliza swali moja tu, urefu wa mashua, na nilipomjibu kuwa ni mita 6 akanichagulia dizeli ya nguvu farasi 30, akinihakikishia kwamba nguvu ikizidi haina madhara.

Ina madhara. Mashua yangu ina tumbo la mviringo, uzito wake ikiwa na mzigo ni tani 1.5, na urefu wake kwenye mstari wa maji ni mita 5.5. Chombo cha umbo hilo hakiparazi juu ya maji kama boti ya kasi, bali huyasukuma kando, na mwendo wake huzuiwa na mawimbi kinayoyazusha chenyewe. Kikomo chake ni takribani kilomita 10.5 kwa saa. Ukizidisha nguvu hapo, tezi (sehemu ya nyuma) hudidimia, omo (sehemu ya mbele) huinuka na mafuta huteketea, ilhali mwendo hauongezeki kwa kiasi cha maana. Nguvu farasi 4 au 5 kwa kila tani zingenifikisha hapo na kubakiza akiba ya kukabili upepo wa mbisho, unaovuma kutoka mbele. Nilihitaji 8, nikauziwa 30. Tena dizeli inayofanyishwa kazi nyepesi mno kila siku haipati joto la kutosha, hujaa masizi, na hatimaye huanza kula oili.

Kilichoniudhi zaidi ni propela. Injini hii huzunguka mara 3,000 kwa dakika, nayo nimepewa bila giaboksi ya kupunguza mizunguko, wakati kila anayejua vyombo vizito anajua kwamba propela pana inayozunguka polepole ndiyo yenye msukumo. Muuzaji hakuuliza kuna nafasi kiasi gani kati ya shafti, yaani mhimili unaozungusha propela, na ubao wa chini, kipimo kinachoamua upana wa propela inayoweza kuingia na ambacho kingepaswa kutangulia hata kutajwa kwa nguvu farasi.

Nilipolalamika, aliniambia nibadilishe nichukue ya petroli iliyo nyepesi zaidi, na hakutamka neno lolote kuhusu feni ya kutoa mvuke. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka kwenye ngama, yaani sakafu ya ndani kabisa ya mashua, na kutulia humo, na cheche moja ya stata inatosha kuilipua mashua pamoja na waliomo. Kumficha mnunuzi jambo hilo ni kuhatarisha maisha yake, wala siwezi kuliita jina jingine.

Kuhusu kuziweka shafti na injini kwenye mstari mmoja, alisema kazi hiyo imalizwe nchi kavu. Mbao huvimba na chombo hubadilika umbo kikishaelea, kwa hiyo kapilingi, yaani kiungo cha shafti na injini, lazima ipimwe upya baada ya siku kadhaa majini.

Ninadai aichukue injini yake anirudishie fedha zangu. Nanyi mliokwisha kufunga dizeli ndogo zenye giaboksi ya 2 kwa 1 (injini ikizunguka mara mbili, propela huzunguka mara moja) katika mashua za uzito huu, nitajieni kipenyo cha propela mlichotumia, kwa sababu safari hii nitaanzia hapo.